Binadamu Kama Rula: Mizani, Cheo na Skeli katika Picha za Kale za Pwani ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Mwanafunzi wa jiografia anayesoma ramani ya 1:50,000 huzungumzia skeli. Mchuuzi wa samaki huzungumzia mizani, na dereva wa lori naye hutaja mizani akiwa na maana ya kituo cha barabarani ambako mzigo wake utapimwa na pengine kutozwa faini. Katika kliniki ya watoto, mama husubiri mwanawe aning'inizwe kwenye mizani ya saa na uzito wake uandikwe kwenye kadi. Mshairi pia ana mizani yake, ila yeye hapimi uzito wowote: anahesabu silabi za kila kipande cha mshororo, na asipozitimiza wenzake watamwambia kwamba shairi limepungua. Fundi cherehani anachukua vipimo, mwashi anatafuta uwiano wa saruji na mchanga, na mpiga picha anauliza kama mteja anataka saizi ya pasipoti au ya postikadi.

Wingi huu wa maneno umewahi kuhesabiwa kuwa ni upungufu wa lugha, kana kwamba kukosa neno moja la jumla ni kukosa dhana yenyewe. Insha hii haikubaliani na rai hiyo. Kugawanyika kwa maneno kunatusaidia kuuliza swali ambalo neno moja lingelificha: kitu kinapolinganishwa na kingine, ni kipi kinachopimwa, ni kipi kinachopima, na ni nani aliyeamua hivyo? Swali hilo linaulizwa hapa kuhusu kundi mahususi la picha, yaani zile zilizopigwa kati ya miaka ya 1850 na Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo mwenyeji amesimamishwa kando ya kitu kikubwa ili mtazamaji wa mbali aujue ukubwa wa kitu hicho. Mifano miwili inapewa nafasi kubwa kuliko mingine: pembe za ndovu zilizopita katika soko la Zanzibar, na mifupa ya dinosaria iliyochimbuliwa Tendaguru, nyuma ya Lindi.

Hoja yangu ni kwamba picha hizo hazikuwa mwanzo wa kuutumia mwili wa binadamu kama kipimo katika pwani hii. Mwili ulikuwa kipimo muda mrefu kabla ya kamera kufika. Kilichobadilika ni nafasi ya mwenye mwili katika mapatano.

Mkono wa nani?

Vipimo vya urefu vya Waswahili vilianzia mwilini. Wanda ni upana wa kidole. Morita ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada, na shubiri ni kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho mkono ukiwa umekunjuliwa. Mkono, au dhiraa, huanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa kutoka ncha hadi ncha, na bado hutumiwa na mabaharia kutaja kina cha maji. Nguo za biashara ya misafara zilihesabiwa kwa mikono hiyo hiyo: shuka mikono minne, doti mikono minane.

Udhaifu wa mfumo huu unajulikana, kwani mikono ya watu hailingani. Hata hivyo, udhaifu huo ulikuwa wazi kwa pande zote mbili. Aliyeuza na aliyenunua waliuona mkono uliopima, waliweza kuukataa, na waliweza kudai mkono mwingine. Mwenye mkono alikuwa mmoja wa waliokuwapo katika mapatano, au alikuwa shahidi aliyekubaliwa nao.

Vipimo vya ujazo vilikuwa na majadiliano ya namna hiyo. Pishi moja ilikuwa vibaba vinne, lakini kutaja kibaba pekee hakukutosha. Kulikuwa na kibaba cha tele, ambacho nafaka huachwa ipande juu ya ukingo kama kichuguu, na kibaba cha mfuto, ambacho nafaka husawazishwa kwa kiganja hadi iwe sawa na ukingo. Tofauti ya viwili hivi ilikuwa ni tofauti ya faida na hasara, na kwa mchumaji wa karafuu wa Unguja au Pemba aliyelipwa kwa pishi, ilikuwa ni tofauti ya ujira. Chombo ni kile kile. Kinachobishaniwa ni kilele chake. Msomaji wa leo anaujua mgogoro huu kwa jina la lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba cha ziada ili mkulima atoe zaidi kwa bei ya gunia moja. Serikali ya Tanzania imelipiga marufuku mara kadhaa, na Wakala wa Vipimo wamelifuatilia masokoni, lakini lumbesa halijatoweka. Debe, sado na gorogoro vinaendelea kutumika katika masoko mengi ya Tanzania na Kenya pembeni ya mizani iliyothibitishwa, kwa sababu mnunuzi wa kawaida huona kwa macho yake kama kimejaa au hakikujaa.

Qurani, ambayo ndiyo iliyotoa msamiati mwingi wa haki katika mapatano ya pwani, ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wale wanaopunja katika vipimo. Ni muhimu kwa hoja inayofuata kukumbuka kwamba, kwa mtu wa pwani wa karne ya 19, kipimo kilikuwa jambo la maadili kabla ya kuwa jambo la ufundi.

Neno moja zaidi linahitajika. Cheo, ambalo leo hutumika zaidi kwa maana ya daraja la mtu kazini au katika jamii, katika kamusi za zamani lina maana ya kwanza ya kipimo: ukubwa wa kitu, urefu na upana wake, na hata kile kinachotumiwa kupimia. Fundi aliweza kuchukua cheo cha mlango kwa ukambaa kabla hajakata mbao. Kwamba lugha iliweka kipimo cha mlango na daraja la mtu katika neno moja si jambo la kupita haraka. Kumpa mtu cheo ni kumwambia ni mkubwa kiasi gani akilinganishwa na wengine. Kumfanya mtu awe cheo, yaani kumtumia kama ukambaa wa kupimia mlango, ni jambo jingine kabisa.

Kamera inafika

Picha iliyo kwenye karatasi haina ukubwa wake yenyewe. Huu ndio ugumu wa msingi wa upigaji picha kwa yeyote anayetaka kuutumia kama ushahidi. Kikombe na kuba la msikiti vinaweza kuchukua nafasi sawa katika bamba la kioo. Mchoraji wa ramani huandika uwiano pembeni. Mpiga picha, asipoweka kitu kinachojulikana ndani ya fremu, hana pa kuuandika.

Suluhisho la haraka lilikuwa binadamu. Mfano maarufu wa mapema unatoka Misri na Nubia, ambako Mfaransa Maxime Du Camp alisafiri kuanzia 1849 hadi 1851 na kutoa, mwaka 1852, kitabu chenye picha 125. Katika nyingi za picha hizo anaonekana mtu mmoja, Hajj Ismail, baharia Mnubi wa mashua yao, akiwa amepandishwa juu ya masanamu na kuta za mahekalu ili wasomaji wa Paris waone urefu wake. Du Camp mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyomfanya atulie wakati bamba likipokea mwanga: alimwambia kwamba mrija wa shaba wa lenzi ni mzinga utakaomfyatulia risasi akijitikisa. Du Camp alikisimulia kisa hiki kama kichekesho. Kwa mwanahistoria wa vipimo, kina uzito zaidi. Rula haitakiwi kutikisika, na hapa tunaambiwa na mpiga picha mwenyewe kwa njia gani mtu alifanywa asitikisike.

Tawi la pili la matumizi hayo lilimgeuza mtu kutoka kuwa kipimo hadi kuwa kipimwa. Mwaka 1869 J. H. Lamprey, wa chama cha wataalamu wa ethnolojia mjini London, alipendekeza watu wapigwe picha wakiwa uchi mbele ya fremu iliyofumwa nyuzi za hariri zenye kufanya miraba ya inchi mbili. Mwaka huo huo T. H. Huxley aliandaa maelekezo, yaliyosambazwa kupitia ofisi ya makoloni ya Uingereza, ya kupiga picha za watu wa himaya yote wakiwa wamesimama kando ya kijiti cha kupimia, kwa umbali uliowekwa na mkao uliowekwa. Mpango wa Huxley haukufanikiwa sana. Maafisa wengi walijibu kwamba watu hawakukubali kuvuliwa nguo, na baadhi ya makoloni hayakutuma kitu. Kukataa huko ni sehemu ya historia ya skeli ambayo haijaandikwa vya kutosha: mradi wa kupima ulikwama mahali ambapo wapimwaji walikuwa na sauti.

Katika studio za Zanzibar mambo yalikwenda kwa namna tofauti. A. C. Gomes, mpiga picha kutoka Goa, na wenzake waliofungua studio mjini humo katika karne ya 19 walifanya kazi kwa kadi za saizi zilizokubalika dunia nzima, hasa kadi ndogo ya takriban sentimita 6 kwa 9 iliyoenea baada ya Mfaransa Disdéri kuisajili mwaka 1854. Kadi hiyo ilikuwa msawazishaji. Sultani Barghash, aliyepigwa picha London katika ziara yake ya 1875, karani wa forodha na mfanyabiashara wa Kihindi waliweza kukaa katika albamu moja wakiwa na urefu ule ule wa vidole vichache. Ukubwa wa karatasi haukusema kitu juu ya cheo, kwa hiyo cheo kilibidi kisemwe kwa njia nyingine: kilemba, jambia, kiti, kanzu iliyopigwa pasi, pazia lililochorwa nguzo. Mteja alilipa, alichagua mkao na alikwenda na picha yake. Hakuna aliyemsimamisha ili kitu kingine kionekane kikubwa.

Pembe za Kilimanjaro

Biashara ya pembe za ndovu ilikuwa na mizani yake, na mizani hiyo ilikuwa kali. Pembe zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 au karibu kilo 16. Bei haikupanda kwa mstari ulionyooka. Frasila moja iliyotokana na pembe moja kubwa ililipwa zaidi ya frasila moja iliyojumlishwa kutoka vipande vidogo, kwa kuwa mnunuzi wa ng'ambo alihitaji unene na urefu. Ukubwa, mbali na uzito, ulikuwa bidhaa kwa nafsi yake.

Frasila ilikuwa pia kipimo cha bega. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, na pembe iliyozidi sana uwezo wa mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili, mbele na nyuma, kwa namna iliyoitwa mzigaziga. Kwa hiyo kabla pembe haijafika kwenye mizani ya mfanyabiashara, ilikuwa imekwisha kupimwa na mwili uliojua tofauti ya kila ratili.

Mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1898, ndovu mmoja aliuawa katika eneo la Kilimanjaro. Pembe zake ziliuzwa Zanzibar na hadi leo ndizo nzito kuliko zote zilizowahi kuthibitishwa. Moja ilinunuliwa kwa ajili ya jumba la makumbusho la historia ya viumbe la London mwaka 1901, na ya pili iliungana nayo miaka ya 1930. Uzito unaoandikwa kwa ile nzito zaidi ni ratili 226 na nusu, yaani takriban kilo 103, na urefu wa kila moja unazidi mita 3. Namba zinazotajwa katika maandishi ya zamani ni kubwa zaidi kidogo, na hilo si lazima liwe uongo, kwa kuwa pembe hupoteza unyevu na kupungua uzito kadiri inavyokauka. Kwa hesabu ya wapagazi, ratili 226 ni frasila sita na zaidi ya ratili kumi na tano: mzigo wa watu watatu na ziada, katika kipande kimoja kisichogawanyika.

Pembe hizo zilipigwa picha zikiwa bado Zanzibar, zimesimamishwa, na binadamu kando yake. Picha hiyo imechapishwa mara nyingi katika vitabu vya uwindaji na vya biashara ya pembe. Maelezo yake ya kawaida hutaja uzito wa pembe, urefu wake na mahali zilipotoka. Aliyesimama kando hatajwi, au hutajwa kwa neno la jumla tu. Picha inamhitaji, lakini inamhitaji kama sehemu ya chombo. Bila yeye, pembe zingeweza kuwa za ndovu yeyote, na mtazamaji wa Ulaya asingekuwa na sababu ya kushangaa. Mshangao wote wa picha umejengwa juu ya kimo chake, na kimo hicho ndicho namba pekee ambayo maelezo hayaitoi.

Hapa tofauti na soko la nguo inaonekana. Katika kupima doti, mkono uliopima ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na neno la kusema. Katika picha ya pembe, mnunuzi yuko London au Connecticut, muuzaji yuko nyuma ya kamera au karibu nayo, na kipimo kimesimama kati yao kikiwa hakina upande.

Hesabu ya hatua moja

Inafaa kueleza kwa namba kwa nini kipimo hicho, mbali na suala la heshima, hakiaminiki. Chukulia kamera ya bamba la sentimita 13 kwa 18 yenye lenzi ya urefu fokasi wa milimita 210. Kitu kilicho umbali wa mita 4 kutoka kwenye lenzi hupunguzwa hadi takriban sehemu moja ya 18. Pembe ya mita 3 iliyosimamishwa hapo itachukua milimita 166 za bamba. Mtu wa mita 1.70 akisimama bega kwa bega na pembe atachukua milimita 94, na mtazamaji atapata uwiano sahihi.

Sasa mtu huyo na arudi nyuma hatua moja kubwa, mita moja tu. Kwake yeye upunguzaji umekuwa sehemu moja ya karibu 23, na kimo chake kwenye bamba ni milimita 74 hadi 75. Pembe haikusogea. Mtazamaji anayedhani kwamba vyote viwili viko mahali pamoja atagawanya 166 kwa 74.5, atazidisha kwa mita 1.70, na atapata pembe ya karibu mita 3.8. Hatua moja ya mguu imeirefusha pembe kwa zaidi ya robo.

Wapiga picha wa uwindaji waliujua ujanja huu, na wavuvi wanaonyoosha samaki mbele ya kamera wanaujua hadi leo. Sidai kwamba ulitumika katika picha ya pembe za Kilimanjaro, ambazo hazikuhitaji msaada. Nadai tu kwamba picha yenye mtu kama rula ni kibaba ambacho hatujaambiwa kama ni cha tele au cha mfuto, na tofauti na sokoni, hatuwezi kukifuta kwa kiganja.

Wanaakiolojia walilitambua tatizo hili na wakahamia kwenye fimbo yenye mapande ya rangi mbili, iliyolazwa au kusimamishwa katika tabaka lile lile la kitu kinachopigwa picha. Polisi walitangulia kwa njia yao: huko Paris, Alphonse Bertillon aliweka kiti, lenzi na umbali visivyobadilika ili sura ya kila mshtakiwa itoke kwa sehemu moja ya saba ya ukubwa wake halisi. Katika taaluma nyingi fimbo ilichukua nafasi ya mtu. Lakini mabadiliko hayo hayakuja yote kwa wakati mmoja, na kusini mwa Tanganyika ya Wajerumani mtu na fimbo vilifanya kazi pamoja kwa muda.

Tendaguru, 1909–1913

Mifupa ya Tendaguru iliingia katika kumbukumbu za Wajerumani mwaka 1906, kupitia mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler. Mwaka uliofuata Eberhard Fraas alilikagua eneo hilo, na kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin liliendesha uchimbuzi mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na katika msimu wa mwisho Hans Reck. Tarehe hizi zisisomwe peke yake. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika juzi tu, na njaa iliyovifuata ilikuwa imewaua na kuwatawanya watu wengi wa kusini. Mamia ya wanaume walioandikwa kazi ya kuchimba na kubeba, pamoja na wake na watoto waliofuatana nao, walitoka katika jamii zilizokuwa zikijaribu kuinuka. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye viongozi wa msafara wenyewe walitegemea ujuzi wake wa kutambua na kuhifadhi mifupa.

Zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa zilitoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, vichwani na mabegani mwa watu. Hapakuwa na reli, na wanyama wa kubeba hawakufaa katika nchi ya mbung'o. Matokeo yake ni kwamba dinosaria mkubwa kuliko wote waliojulikana wakati huo alilazimika kwanza kulingana na bega. Mifupa ilifungwa kwa udongo, plasta na mianzi katika vipande ambavyo mpagazi angeweza kuvibeba, na mfupa mzito kupita kiasi ulipelekwa kwa mti na watu zaidi. Kipimo cha Tendaguru, kabla ya milimita za Berlin, kilikuwa mzigo. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo masimulizi ya sayansi hulipita haraka mno: mnyama huyo alivunjwa kwa kadiri ya binadamu mmoja, akasafirishwa, kisha akaunganishwa tena kwa kadiri yake mwenyewe.

Mfupa wa mguu wa mbele, kutoka bega hadi kiwiko, wa mnyama ambaye Janensch alimpa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, una urefu wa takriban mita 2.13. Mifupa yake iliyoungwa ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo ina kimo cha zaidi ya mita 13. Miongoni mwa picha za uchimbuzi zipo zinazoonyesha wafanyakazi wamelala, wameketi au wamesimama kando ya mfupa mrefu kuliko wao. Picha hizo zilikwenda kwenye magazeti na mihadhara, na zilisaidia kukusanya fedha kutoka kwa wafadhili wa Ujerumani. Katika machapisho ya kitaalamu, mfupa ule ule huonekana peke yake, umesafishwa, na uwiano wake umeandikwa chini yake. Mtu alitumika palipohitajika mshangao. Namba ilitumika palipohitajika uthibitisho.

Mgawanyo huo wa kazi unaeleza kwa nini majina hayakuandikwa. Mwenye kupokea picha kwa ajili ya mshangao hakuwa na haja na jina, na mwenye kupokea mfupa kwa ajili ya uthibitisho hakuwa na haja na mtu.

Kuigeuza rula

Vitu hivi bado vipo. Pembe ziko London na mifupa iko Berlin, na kila kimoja kimepimwa kwa uangalifu ambao wapiga picha wa wakati ule hawakuwa nao. Kwa sababu hiyo, uhusiano ndani ya picha unaweza kugeuzwa. Tuseme katika picha moja mfupa wa mita 2.13 unachukua milimita 60, na mchimbaji aliyesimama wima, akiugusa, anachukua milimita 48. Kimo chake kilikuwa mita 1.70. Mfupa umekuwa rula, na mtu amekuwa kile kinachopimwa. Palipo na picha kadhaa za mchimbaji mmoja, inawezekana hata kumtambua kutoka picha moja hadi nyingine kwa kimo chake, na hivyo kufuatilia alifanya kazi katika shimo lipi na katika msimu upi.

Masharti yake ni magumu. Mtu na mfupa viwe umbali mmoja kutoka kwenye lenzi, kwa sababu ya hesabu ya hatua moja iliyotolewa juu. Mfupa uwe mzima wakati ule kama ulivyo sasa, na mfupa uliosafiri kwa vipande na kujazwa plasta Berlin si mzima kwa maana hiyo. Chapa iwe ya negativu nzima, isiyokatwa kingo. Na wanaofanya kazi kwa nakala zilizopakiwa mtandaoni wakumbuke kwamba picha ya kidijitali hubadilika ukubwa kwa kila kioo inachofunguliwa. Uwiano wa ndani ndio pekee unaobaki.

Kuna pingamizi zito kuliko haya ya kiufundi. Kimo cha mwili, kwa sentimita, ndicho hasa alichokitaka Huxley mwaka 1869. Mtafiti anayetoka kwenye maktaba na jedwali la vimo vya wachimbaji wa Tendaguru atakuwa amekamilisha, bila kukusudia, kazi ambayo watu wa makoloni waliikataa. Jibu langu si kuiacha mbinu, kwa kuwa utambuzi wa mtu kutoka picha hadi picha ni faida ya kweli kwa familia za Lindi na kwa historia ya kazi. Ila namba hiyo itumike kama njia ya kufikia daftari za mishahara, orodha za mizigo na shajara za msafara ambamo majina machache yameandikwa, na isichapishwe peke yake kana kwamba ndiyo matokeo.

Boheti bin Amrani ni miongoni mwa wachache waliofikiwa kwa jina. Mwaka 2007 mtaalamu Kristian Remes alieleza upya pingili mbili za shingo kutoka Tendaguru, akaona ni za jenasi isiyojulikana kabla yake, na akaiita spishi hiyo Australodocus bohetii kwa heshima ya msimamizi yule. Pingili zimeelezwa kwa milimita, na picha zake zina mstari wa skeli pembeni.

Kwa picha zilizobaki, maelezo ya orodha za makumbusho yanahitaji kuandikwa upya kwa mpangilio ambao unaweza kuanza mara moja, hata kabla majina hayajapatikana: watu wangapi wamo, kila mmoja amesimama wapi akilinganishwa na kitu, ameelekezwa atazame wapi, na nyuma ya chapa kumeandikwa nini, kwa mkono wa nani na kwa lugha gani. Kwa sasa orodha nyingi huanza na kitu, zikataja vipimo vyake, na kumalizia na neno "pamoja na mwenyeji". Picha za Tendaguru zikianza kuorodheshwa kutoka upande wa pili, maneno mengine kuhusu mfupa yanaweza kufuata baadaye. Urefu wake unajulikana tayari.